Mimi si Ndugu Yake: Historia Fupi ya Pasipoti ya Pili

Mwaka 2014, saa tano ya usiku, dada yangu alinipigia simu kutoka Maryland akiwa na swali moja: mamake alizaliwa tarehe ngapi?

Nilicheka. Mama mdogo mwenyewe hajui. Ukimuuliza atakwambia alizaliwa mwaka wa mafuriko, yale ya 1961 ambayo watu waliyaita mafuriko ya uhuru kwa sababu yalikuja wakati uhuru unanukia. Tarehe iliyoko kwenye kitambulisho chake alibuniwa na karani. Lakini dada hakucheka. Alikuwa amepata kazi ya kompyuta katika kampuni inayoihudumia serikali ya Marekani, na kabla ya kuanza ilibidi apewe kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali. Mbele yake kulikuwa na fomu ya kurasa zaidi ya 100. Fomu ilitaka kujua amekaa wapi, amesafiri wapi, anadaiwa na nani, wazazi wake ni raia wa nchi gani, ana shamba au nyumba nje ya Marekani, humtumia nani pesa. Mambo mawili yalimsumbua zaidi. Je, ana uraia wa nchi nyingine? Je, ana pasipoti ya nchi nyingine?

Alikuwa navyo vyote viwili. Alipoapa kuwa Mmarekani mwaka 2008, sheria ya Kenya ya wakati huo ilimvua uraia wake papo hapo. Katiba ya 2010 ikaja ikasema aliyezaliwa Mkenya haupotezi uraia kwa kuchukua wa kwingine, na aliyeupoteza zamani anaweza kuomba arudishiwe. Akaomba, akapewa, akachukua pasipoti. Siku ile alitutumia picha yake akiwa ameishika kifuani kama cheti cha ndoa. Sasa anaambiwa kwamba kitabu kile ni tatizo.

Kabla hatujakata simu nikamuuliza kwa mzaha: "Na mimi umeniandika wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Wewe si ndugu," akasema. "Sehemu ya ndugu ni wazazi, watoto, wa tumbo moja na wakwe. Binamu hayumo. Nimekuweka kwa raia wa kigeni ninaowasiliana nao kwa karibu."

Mimi na yeye tumelelewa nyumba moja. Tumelala kitanda kimoja, tumechapwa kwa fimbo moja. Mama zetu ni wa tumbo moja, na kwetu hilo humfanya dada, hakuna neno lingine linalotumika nyumbani. Nilijua fomu haikukusudia kunitukana. Hata hivyo niliingia katika historia hii nikiwa na hasira kidogo, nikitaka kujua ni lini serikali zilianza kupima moyo wa mtu kwa kuhesabu pasipoti zake, na kama kipimo hicho kiliwahi kufanya kazi.

Darasa na kambi

Pa kuanzia pazuri ni Novemba 1941, San Francisco. Jeshi la Marekani lilifungua shule ya siri ya kufundisha Kijapani, wiki chache tu kabla ya Pearl Harbor kushambuliwa. Wanafunzi wengi walikuwa Nisei, yaani watoto wa wahamiaji wa Kijapani waliozaliwa Marekani. Walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Wengi wao walikuwa pia raia wa Japani bila kuomba, kwa kuwa hadi 1924 sheria ya Japani ilimhesabu mtoto wa baba Mjapani kuwa Mjapani popote pale alipozaliwa. Uraia pacha wao ulikuwa kama jina la ukoo: unazaliwa unalikuta.

Pearl Harbor ikaja, na tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt akatia sahihi Amri ya Rais namba 9066. Watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani waliondolewa pwani ya magharibi na kutiwa kambini nyuma ya seng'enge. Takriban thuluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani. Shule ile ya jeshi nayo ilibidi ihame kwenda Minnesota, maana walimu na wanafunzi wake walikuwa hawaruhusiwi tena kuwa San Francisco.

Hapa ndipo mambo yanapokuwa ya ajabu. Waliotiliwa shaka kuliko wote waliitwa Kibei: waliozaliwa Marekani, wakapelekwa Japani kusoma, kisha wakarudi. Kwa jicho la mpelelezi, Kibei alikuwa hatari tupu. Ana uraia wa pili, ana babu na nyanya kule, ameimba wimbo wa taifa la kule shuleni. Lakini jeshi lilipotafuta watu wa kusoma barua ya askari wa Kijapani iliyoandikwa kwa mkono wa haraka, au kumhoji mateka kwa lugha inayomfanya alegee, likagundua kwamba Nisei wa kawaida Kijapani chake ni cha jikoni tu. Aliyekiweza barabara ni yule yule Kibei. Kilichomfanya aogopwe ndicho kilichomfanya ahitajiwe.

Askari wapatao 6,000 walipitia shule ile. Mwaka 1944 mpango wa vita wa jeshi la majini la Japani, uliojulikana kama Mpango Z, ulinaswa Ufilipino na kupelekwa Australia. Kati ya walioutafsiri walikuwamo Yoshikazu Yamada na George Yamashiro, wote wenye asili ya Kijapani. Siri kubwa kuliko zote katika vita vya Pasifiki ilipita mikononi mwa vijana ambao jamaa za wenzao walikuwa kambini kwa kutoaminika. Kazi yao ilibaki siri hadi miaka ya 1970.

Huko kambini, mapema 1943, serikali ilileta dodoso. Swali la 28 lilimtaka mtu aape utiifu kwa Marekani na kukana utiifu wowote kwa mfalme wa Japani. Linaonekana swali jepesi. Lakini wazee waliohamia kutoka Japani walikuwa wamekatazwa na sheria kuwa raia wa Marekani, katazo lililoondoka 1952. Mzee akijibu ndiyo, anaukana uraia pekee alio nao na kubaki bila nchi. Akijibu hapana, anaitwa adui. Vijana nao waliona mtego wa namna yao: ukikubali "kukana" utiifu kwa mfalme, si umekiri kwamba ulikuwa nao? Waliojibu hapana walikusanywa wakapelekwa kambi ya Tule Lake, California.

Nilipolisoma swali lile nilikumbuka fomu ya dada. Miaka 70 imepita, lakini maumbile ya swali ni yale yale. Linamtaka mtu athibitishe kwa kalamu jambo lililo moyoni.

Aliyesimama pande zote mbili

Nisiwe mwenye kuegemea upande mmoja. Kuna kisa ambacho kila anayetetea shaka hukitoa, na anayo haki ya kukitoa. Tomoya Kawakita alizaliwa Calexico, California, mwaka 1921. Alikwenda Japani kabla ya vita, vita vikamkuta huko. Alijiandikisha katika daftari la ukoo wake kama Mjapani, akapata kazi ya ukalimani katika mgodi wa nikeli wa Oeyama, ambako mateka wa Kimarekani walifanyishwa kazi. Mashahidi walieleza jinsi alivyowapiga na kuwatesa. Vita vilipokwisha, Kawakita akaomba pasipoti ya Marekani, akarudi California, akajiandikisha chuo kikuu. Mwaka 1946 aliyekuwa mateka katika mgodi ule alimwona dukani Los Angeles akinunua vitu kama raia yeyote.

Alishtakiwa kwa uhaini. Utetezi wake ulikuwa kwamba wakati ule alikuwa Mjapani, na Mjapani haihaini Marekani. Mwaka 1952 Mahakama ya Juu ilimkatalia, majaji wanne kwa watatu. Ilisema mwenye uraia wa nchi mbili anadaiwa utiifu na zote mbili, wala hawezi kuuvaa mmoja na kuuvua mwingine kulingana na hali ya hewa. Alihukumiwa kifo. Rais Eisenhower akapunguza adhabu iwe kifungo cha maisha, na 1963 Rais Kennedy akaamuru aachiwe kwa sharti kwamba aondoke na asirudi.

Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Kawakita ni fisi wa methali ile. Lakini tazama alihukumiwa kwa nini. Hakuhukumiwa kwa kuwa na uraia wa pili. Alikuwa nao tangu siku aliyozaliwa, sawa na Nisei waliokuwa wakitafsiri siri huko Australia. Alihukumiwa kwa alichowafanyia watu mgodini. Kesi yake, nionavyo mimi, inathibitisha kwamba mwenye pasipoti mbili anaweza kusaliti. Haithibitishi kwamba pasipoti ndiyo iliyomtuma.

Kutoka utiifu hadi usalama

Baada ya vita woga ulibadilisha uso, ukawa woga wa ukomunisti. Mwaka 1947 Rais Truman aliamuru watumishi wote wa serikali wapigwe msasa kuhusu utiifu wao. Mwaka 1953 Eisenhower akabadilisha kipimo kwa Amri namba 10450: haitoshi tena mtu awe mtiifu, awe pia mtu ambaye kuajiriwa kwake kunaafikiana na usalama wa taifa. Ukilisoma haraka unaona ni yale yale, lakini tofauti ni kubwa. Utiifu ni jambo ulilofanya au unaloamini. Usalama ni jambo linaloweza kukupata. Mtu mwaminifu kabisa anaweza kunyimwa kibali kwa sababu ana madeni, au ana siri ya chumbani ambayo mtu anaweza kumtishia nayo, au ana mama anayeishi chini ya serikali isiyo rafiki. Maelfu ya mashoga walifukuzwa kazi kwa hoja hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo uraia wa nchi mbili ulikuwa ukihalalika polepole mahakamani. Beys Afroyim, mzaliwa wa Poland aliyekuwa raia wa Marekani, alipiga kura katika uchaguzi wa Israeli mwaka 1951. Marekani ikamwambia kwa kura ile amejivua uraia. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ikasema sivyo, Bunge haliwezi kumnyang'anya mtu uraia wake bila ridhaa yake. Kuanzia hapo Wamarekani wenye uraia wa pili wakawa wengi bila hofu ya kupoteza wa kwanza.

Kwa hiyo pakawa na milango miwili. Mlango wa uraia ulikuwa umefunguka. Mlango wa siri ulibaki na bawabu wake. Mwaka 1988, katika kesi ya Jeshi la Majini na Egan, Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kibali cha usalama. Uraia ni haki, kibali ni hisani. Ukinyimwa una pa kukata rufaa, lakini shaka ikiwapo, inaamuliwa kwa faida ya nchi, si kwa faida yako.

Kikulacho

Wakati bawabu anahesabu pasipoti mlangoni, nyumba ilikuwa inaliwa kutoka ndani. John Walker, afisa wa jeshi la majini, aliwauzia Wasovieti siri za mawasiliano tangu miaka ya 1960 hadi alipokamatwa 1985. Aldrich Ames wa CIA alikamatwa Februari 1994. Robert Hanssen wa FBI alikamatwa Februari 2001. Wote watatu ni wazaliwa wa Marekani, na sababu kubwa iliyowasukuma ni pesa. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe ilikuwa ya kwao hasa, haikuagizwa kutoka nje.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Jonathan Pollard. Alikuwa mchambuzi wa ujasusi wa jeshi la majini, akakamatwa Novemba 1985 kwa kuipelekea Israeli nyaraka za siri. Watu wengi humtaja kama mfano wa hatari ya uraia wa nchi mbili. Lakini Israeli ilimpa uraia mwaka 1995, akiwa gerezani, miaka kumi baada ya kukamatwa. Alipokuwa anaiba nyaraka alikuwa na uraia mmoja tu, wa nchi aliyokuwa anaiibia. Mapenzi yake kwa nchi ya pili yalitangulia, karatasi ikafuata. Pasipoti ilikuja kama zawadi ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Pamoja na hayo yote, Agosti 2000 Arthur Money, msaidizi wa Waziri wa Ulinzi, alitoa waraka mkali kuliko yote iliyotangulia. Mwenye pasipoti halali ya nchi ya kigeni asipewe kibali mpaka airudishe au apate ruhusa rasmi ya serikali ya Marekani kuwa nayo. Hakukuwa na kusema ninaitumia tu kwenda kumzika baba, wala kusema ni ya nchi rafiki. Mwaka 2005 miongozo ilifanyiwa marekebisho na kulegezwa kidogo, lakini kuwa na pasipoti ya kigeni, kupiga kura kwingine au kuomba uraia mwingine ukiwa tayari Mmarekani vilibaki dalili za "kupendelea nchi ya nje." Dawa ilikuwa kuiharibu pasipoti au kuikabidhi kwa afisa wa usalama.

Huo ndio mwongozo uliomkuta dada yangu 2014. Aliambiwa kwa upole kabisa, hakuna aliyemfokea. Aliitia pasipoti ndani ya bahasha, akaikabidhi, akapewa risiti. Uraia wenyewe hakulazimika kuukana. Alitakiwa aseme tu kwamba angekuwa tayari kuukana ikibidi. Alisema yuko tayari. Aliponieleza nilimuuliza kama alimaanisha. Akanijibu, "Nina watoto wawili na nyumba ya mkopo. Nilimaanisha siku ile."

Miaka mitatu baadaye sheria ikageuka. Tarehe 8 Juni 2017 miongozo mipya, inayojulikana kama SEAD 4, ilianza kutumika. Kuwa na uraia wa nchi nyingine peke yake hakumzuii mtu kupata kibali. Kuwa na pasipoti ya kigeni hakumzuii pia, ilimradi ameitangaza na anatumia ya Marekani kuingia na kutoka Marekani. Kilicho kosa ni kuficha. Uzito umehamia kwingine: nani anakutegemea, nani anaweza kukutisha kupitia jamaa zako, una mali kiasi gani huko, na nchi yenyewe ni ya namna gani. Kwa maneno mengine, baada ya zaidi ya miaka 70 bawabu amekubali kwamba karatasi haivuti mtu. Watu ndio wanaovuta.

Ni busara, nakubali. Ila kuna uchungu ndani yake. Pasipoti unaweza kuikabidhi ndani ya bahasha. Mama je? Chini ya mwongozo mpya, kitu cha kuelezwa ni zile pesa dada anazomtumia mamake kila mwezi, na lile shamba la urithi ambalo jina lake limo.

Na sisi huku?

Ingekuwa rahisi nimalizie hapo, nikiwacheka Wamarekani. Lakini mambo ya nyumbani nayo yana historia yake.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, haikutaka uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima. Wahindi na Wazungu wengi ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili, hadi 12 Desemba 1965, kujiandikisha. Wengi walisita, wakashikilia karatasi za Uingereza. Kwa kusita huko walionekana wasaliti, mguu mmoja ndani mmoja nje. Mwaka 1967 zikaja sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, na Machi 1968 Uingereza nayo ikawafungia mlango kwa sheria ya uhamiaji. Methali inasema mshika mbili moja humponyoka. Wale ziliwaponyoka zote mbili.

Sasa pima jambo hili. Katika miaka hiyo hiyo ambayo mwenye duka alikuwa anaulizwa moyo wake uko wapi, jeshi la Kenya liliongozwa na afisa Mwingereza. Ni mwishoni mwa 1966 ndipo Joseph Ndolo alipochukua usukani. Mipango yote ya ulinzi wa taifa changa ilikuwa mezani kwa raia wa nchi iliyotutawala, na hilo lilivumilika, kwa kuwa serikali ilimhitaji. Tumerudi kwa Kibei: shaka na haja hukaa chumba kimoja, na mara nyingi haja ndiyo huamua nani aitwe mwaminifu.

Katiba ya 2010 ilifungua uraia wa nchi mbili, kisha katika Ibara ya 78 ikauchorea mpaka. Afisa wa dola na mwanajeshi hawaruhusiwi kuwa nao. Wanaosamehewa ni majaji, wanachama wa tume, na mtu aliyefanywa raia wa nchi nyingine na sheria ya nchi hiyo bila uwezo wa kujitoa. Kwa hiyo kuruta anayefundishwa kushika bunduki Eldoret lazima awe na pasipoti moja, lakini jaji wa Mahakama ya Juu, anayeweza kufuta uchaguzi wa rais, anaweza kuwa na mbili. Sijasikia bado mtu akinieleza kwa nini.

Mwaka 2019 mpaka huo ulijaribiwa. Mwende Mwinzi, aliyezaliwa Marekani kwa baba Mkenya, aliteuliwa kuwa balozi Korea Kusini. Bunge liliidhinisha jina lake kwa sharti kwamba aukane uraia wa Marekani. Akaenda mahakamani, na Mahakama Kuu ikasema hawezi kulazimishwa. Hatimaye alikwenda Seoul. Katika mjadala ule nilisikia watu wakiuliza: kukiwa na mgongano kati ya Kenya na Marekani atasimama wapi? Ni swali halali. Balozi husoma barua za siri. Lakini nilisikia wachache sana wakiuliza swali la mwongozo wa 2017: ana deni la nani, ana mali wapi, amewahi kufanya nini? Kwa wabunge wetu hesabu ya pasipoti ilitosha. Mwanasiasa mwenye uraia mmoja na akaunti tatu ng'ambo angepita pale bila kuguswa.

Jirani zetu Tanzania hawana mjadala huo kwa sababu sheria yao haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Je, hilo limewaondolea wasiwasi? Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia. Mmoja alikuwa Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji wa magazeti, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Mwingine alikuwa Timothy Bandora, ambaye wakati huo alikuwa balozi nchini Nigeria. Fikiria: mtu amebeba siri za nchi katika mkoba wake, ameiwakilisha mbele ya marais, kisha anaambiwa hakuwahi kuwa wa nchi hiyo. Watu wengi walilihusisha jambo la Ulimwengu na kalamu yake. Mimi naliona funzo moja. Kigezo cha uraia kinapokuwa ndicho kipimo cha uaminifu, mwenye kutaka kukuondoa hana haja ya kuthibitisha kwamba umesaliti. Anachunguza tu bibi yako alizaliwa upande gani wa mpaka.

Foleni ya wageni

Mwaka 2018 dada alikuja nyumbani, mara ya kwanza tangu akabidhi ile bahasha. Sheria ilikuwa imebadilika, lakini pasipoti yake ya Kenya ilikuwa imeisha muda na hakuwa ameomba nyingine. Alikuja na ya Marekani. Kwa sheria ya Kenya bado ni Mkenya. Kwa karatasi aliyoshika ni mtalii. Alilipia viza kuingia kwao. Nilimwona kwa mbali, kupitia vioo vya uwanja wa ndege wa Mombasa, kwenye foleni ya wageni, nyuma ya wazee wawili wenye kofia za jua.

Mama mdogo aliposikia habari ya viza aliuliza, "Kwani umekuwa mgeni?" Dada akamweleza habari za fomu, bahasha na mwongozo. Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hao watu walimwandika yeye pia. Alipoambiwa ndiyo, jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa viko Marekani kwenye faili ya serikali, alifurahi sana. Alitaka kujua tarehe gani.

Mwaka jana dada aliomba pasipoti mpya ya Kenya. Kabla ya kuomba alimtaarifu afisa wake wa usalama, kama inavyotakiwa sasa, na hakuna aliyemzuia. Kisha akanipigia simu, kwa kuwa taarifa zake zilikuwa zinahakikiwa upya. Safari hii nilikuwa na daftari tayari: tarehe za wazee wote, za kweli na za kubuni, na anwani zao.

"Na mimi?" nikamuuliza. "Bado niko kwa wageni?"

"Bado uko huko," akasema. "Nipe nambari yako mpya ya simu, wanaitaka."